Je, ni Fedha? Utambuzi wa Metali ya Sarafu katika Historia ya Pwani ya Kilwa na Lindi, Karne ya 11 hadi 1948

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mtafiti anavyoweza kutambua kama sarafu iliyopatikana katika pwani ya Kilwa na Lindi ni ya fedha au ni ya metali nyingine, na sababu za utambuzi huo kuwa suala la kihistoria, si la maabara peke yake. Hoja kuu ni kwamba rangi, sura na tarehe iliyogongwa havitoshi kuthibitisha metali. Uzani na densiti ndivyo vinavyotoa ushahidi ambao mtafiti mwingine anaweza kuurudia bila kuiharibu sarafu. Hoja hiyo inajengwa kwa kupitia sarafu za masultani, riale za karne ya 18 na 19, na mabadiliko ya rupia kuwa shilingi baada ya mwaka 1920. Katika mabadiliko hayo ya mwisho, rupia moja ilipolinganishwa na shilingi mbili, karibu theluthi mbili ya fedha safi ilitoweka mkononi mwa mtumiaji, ilhali hesabu ya maandishi ilionesha usawa.

1. Utangulizi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Fedha ni metali nyeupe anayoifua sonara kuwa bangili na mikufu. Fedha pia ni mali inayohesabiwa, kukopwa na kulipwa, hata ikiwa ni karatasi tupu. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha humwondolea msikilizaji shaka. Katika rejesta ya makumbusho au ripoti ya uchimbaji hali si hiyo. Maneno "sarafu ya fedha" yanaweza kumaanisha kwamba kitu kilichoorodheshwa kilitumika kununulia na kuuzia, au kwamba kimetengenezwa kwa madini ya fedha. Msomaji asiyekiona kitu chenyewe hawezi kujua ni maana ipi iliyokusudiwa, na hitimisho atakalolijenga juu ya maneno hayo litayumba.

Suala hili lina uzito wa pekee katika pwani inayoanzia Kilwa hadi Lindi. Sarafu hupatikana humo ufukoni baada ya maji kupwa, mashambani wakati wa kulima, na katika misingi ya nyumba za zamani. Eneo dogo linaweza kutoa sarafu ya shaba ya sultani wa Kilwa, riale, rupia ya Wajerumani na shilingi ya Waingereza. Vitu hivyo vinatenganishwa na karne kadhaa, lakini kutu, chumvi na mchanga huvifanya vifanane. Mtu wa kwanza kuviona huuliza swali moja: je, ni fedha? Insha hii inalichukua swali hilo kama swali la kitaaluma na kulifuatilia katika vipindi tofauti.

2. Ushahidi wa msamiati

Kabla ya kupima sarafu zenyewe, inafaa kutazama majina yake, kwa kuwa lugha imehifadhi kumbukumbu ya metali ambazo mikono imekwisha kuzisahau. Fedha ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini. Pesa limetokana na sarafu ndogo ya shaba ya Kihindi; pesa 64 zilifanya rupia moja. Hela limetokana na heller, sarafu ndogo iliyoanzishwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1904, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Thumni, au sumuni, ni sehemu ya nane ya riale, na jina hilo lilibaki likitumika kwa senti 50 muda mrefu baada ya riale yenyewe kutoweka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pesa na hela, yaani sarafu za shaba, yamekuwa majina ya mali yote, wakati riale na rupia, yaani sarafu za fedha, yamebaki kuwa majina ya sarafu za zamani. Mwelekeo huu unaashiria kwamba katika shughuli za kila siku sokoni mkono wa mwananchi ulizoea shaba. Fedha ilihusika zaidi na mambo mazito: kodi, mahari, madeni na akiba. Kwa hiyo sarafu ya fedha haikuwa tu sarafu yenye thamani kubwa zaidi. Ilikuwa na kazi yake katika maisha ya jamii, na aliyeipokea alikuwa na sababu ya kuhakikisha kwamba hakudanganywa.

3. Sarafu za masultani: shaba ya Kilwa na fedha ya Mtambwe Mkuu

Kilwa Kisiwani ni miongoni mwa miji michache ya Afrika kusini mwa Sahara iliyogonga sarafu zake yenyewe kabla ya kuja kwa Wareno. Kwa sehemu kubwa sarafu hizo ni za shaba. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea au kumtukuza Mungu, yaliyopangwa ili kina chake kilingane na kina cha jina la mtawala. Kwa kawaida hazina tarehe. Walker (1936), Freeman-Grenville na Chittick (1974) walijitahidi kuzipanga kwa kulinganisha majina, maandishi na tabaka za udongo zilimopatikana. Uzani wa sarafu hizi unatofautiana sana hata kwa sultani mmoja, jambo linaloashiria kwamba zilihesabiwa kwa idadi na hazikupokewa kwa mizani.

Simulizi ya msafara wa Wareno wa mwaka 1505 inaeleza kwamba sarafu zilizotumika Kilwa zilikuwa za shaba, na kwamba hapakuwa na sarafu za dhahabu, ingawa dhahabu ilithaminiwa kwa uzani wa mithqali. Maelezo hayo yanaafikiana na wingi wa shaba katika machimbo ya akiolojia. Hata hivyo, yanaeleza hali ya mwaka mmoja tu. Mwaka 1991 Helen Brown alichapisha taarifa ya sarafu tatu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwa akitawala Kilwa Ibn Battuta alipoutembelea mji huo mwaka 1331. Kwa hiyo andiko la 1505 haliwezi kutumika kukanusha kuwapo kwa metali nyingine katika karne zilizotangulia.

Mfano wenye mafunzo zaidi unatoka Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, ilipatikana akiba iliyofukiwa yenye sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na taarifa yake ikachapishwa na Horton, Brown na Oddy (1986). Dinari hizo, zilizoletwa kutoka nje, ziliwezesha akiba hiyo kuwekwa katika karne ya 11. Baadhi ya sarafu za fedha zina jina la Ali bin al-Hasan, jina lilelile linaloonekana katika sarafu za shaba za Kilwa na Mafia. Chittick alikuwa amemweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Ushahidi wa Mtambwe Mkuu ulilazimisha tarehe hiyo kujadiliwa upya na kusogezwa nyuma kwa zaidi ya karne moja.

Hapa ndipo uzito wa swali la metali unapojitokeza. Kama Ali wa sarafu za fedha na Ali wa sarafu za shaba ni mtu mmoja, basi mtawala mmoja alihusishwa na mifumo miwili ya fedha. Kama si mtu mmoja, basi jina lilirudiwa, na orodha ya masultani inahitaji kupangwa upya. Mjadala huo hauwezi hata kuanza iwapo mwandishi wa rejesta ameandika "fedha" kwa sababu sarafu ilionekana nyeupe, au "shaba" kwa sababu ilikuwa na kutu ya kijani. Fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, ikikaa katika udongo wenye chumvi, hutoa kutu ya kijani kama ile ya shaba tupu. Kosa la neno moja katika lebo linaweza kuhamisha sarafu kutoka karne moja hadi nyingine.

4. Riale: sarafu iliyopokewa kwa sura

Katika karne ya 18 Kilwa iliingia katika biashara ya watumwa ya Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Mkataba uliofanywa Septemba 1776 kati ya sultani wa Kilwa na mfanyabiashara Morice ulitaja watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, pamoja na piastre 2 kwa kila kichwa kama haki ya sultani. Piastre ni jina ambalo Wafaransa waliiita riale ya Kihispania. Riale hiyo ilikuwa na uzani wa takriban gramu 27.07, na kuanzia mwaka 1772 usafi wake ulikuwa takriban 903 kwa 1,000. Kwa kipimo hicho, bei ya binadamu mmoja iliyoandikwa katika mkataba ilikuwa sawa na karibu gramu 489 za fedha safi, yaani takriban nusu kilo. Hesabu hii haipimi hasara ya waliouzwa. Hakuna mizani inayoweza kuipima. Inachoonesha ni ukubwa wa mvuto wa fedha uliokuwa ukiifikia bandari hii, na kwa nini kuijua riale nzuri kulikuwa elimu yenye faida na yenye dhambi ndani yake.

Mwaka huo wa 1772 una funzo lake. Kabla yake usafi wa riale ya Kihispania ulikuwa takriban 917. Uhispania iliupunguza kimyakimya, na mpokeaji wa Kilwa hakuwa na njia ya kuliona punguzo hilo kwa macho. Tofauti ya sehemu 14 kwa 1,000 haibadilishi rangi wala mlio. Muhuri wa mfalme ulibaki ukiahidi kile ambacho metali haikuwa nacho tena.

Katika karne ya 19 wenyeji wa pwani walizitofautisha riale kwa majina. Riale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga. Riale ya Sham ilikuwa ya Maria Theresa wa Austria. Riale ya Kifaransa ilikuwa sarafu ya faranga tano. Majina haya ni ushahidi wa mbinu ya utambuzi: sarafu ilitambuliwa kwa sura yake, na sura ilichukuliwa kuwa dhamana ya metali. Huko Uhabeshi baadhi ya wapokeaji walifikia hatua ya kuhesabu lulu katika pambo la malkia kabla ya kuikubali riale yake.

Riale ya Maria Theresa ina mtego mwingine kwa mtafiti. Sarafu hiyo ina tarehe 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo katika karne ya 19 na ya 20, si Vienna tu bali pia katika miji kama Rome, London, Paris na Bombay. Tarehe iliyo juu yake haisemi lini ilitengenezwa. Suala hili si la kinadharia tu, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatumia mwaka 1863 kama mpaka wa kutambua masalia yanayolindwa. Anayesoma 1780 na kuishia hapo anaweza kukiweka kitu upande usio wake wa mpaka huo.

5. Kutoka rupia hadi shilingi

Rupia ya Kihindi ilienea pwani katika karne ya 19. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa rupia yake mwaka 1890, ilifuata uzani na usafi uleule: gramu 11.66 na sehemu 917 kwa 1,000. Serikali ya Kijerumani ilipochukua jukumu hilo mwaka 1904, ilibadilisha mgawanyo wa rupia lakini haikuigusa fedha iliyomo. Kila rupia ilikuwa na takriban gramu 10.69 za fedha safi. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, ambayo vijijini ilikuwa rupia 3, ilikuwa sawa na gramu 32 za fedha kwa kila nyumba. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ni miongoni mwa sababu zilizochangia Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa.

Kuanzia mwaka 1908 ilitolewa sarafu ya heller 10 ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ilikuwa nyeupe kama fedha, lakini ilikuwa na tundu katikati, hivyo hata mkono gizani uliweza kuitenga na robo ya rupia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hali ilibadilika. Noti za muda zilichapishwa kwa wingi, na mwaka 1916 huko Tabora ziligongwa heller 20 za shaba na za shaba ya njano. Waingereza waliingia Kilwa na Lindi mwezi Septemba mwaka huohuo.

Baada ya vita bei ya fedha duniani ilipanda sana na kufikia kilele mapema mwaka 1920. Thamani ya rupia ilipanda nayo, na katika Afrika Mashariki ya Waingereza rupia ikawekwa kuwa sawa na shilingi mbili. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitoa kwanza fulorini, kisha shilingi zenye tarehe kuanzia 1921. Jedwali la 1 linalinganisha sarafu hizo. Densiti zimekokotolewa kutokana na densiti ya fedha safi (10.49) na ya shaba (8.96), kwa gramu katika kila sentimita ya ujazo.

Jedwali la 1: Uzani, usafi na densiti ya sarafu nyeupe

| Sarafu | Uzani (g) | Fedha kwa 1,000 | Fedha safi (g) | Densiti |
|---|---|---|---|---|
| Riale ya Maria Theresa | 28.07 | 833 | 23.39 | 10.20 |
| Rupia (ya Kihindi na ya Kijerumani) | 11.66 | 917 | 10.69 | 10.34 |
| Fulorini, 1920 | 11.66 | 500 | 5.83 | 9.66 |
| Shilingi, 1921–1946 | 7.78 | 250 | 1.94 | 9.30 |
| Shilingi, kuanzia 1948 | takriban 7.8 | 0 | 0 | 8.94 |

Jedwali linaonesha jambo ambalo viwango vya kubadilishia peke yake haviwezi kulionesha. Shilingi mbili zilikuwa na gramu 3.89 za fedha safi; rupia iliyolinganishwa nazo ilikuwa na gramu 10.69. Katika vitabu vya hesabu rupia moja na shilingi mbili zililingana. Katika mizani ya sonara, asilimia 64 ya fedha ilikuwa imepotea.

Tafsiri ya tofauti hiyo inahitaji uangalifu. Shilingi haikukusudiwa kuthaminiwa kwa metali yake. Bodi iliiunga mkono kwa akiba iliyowekwa London, na anayetumia sarafu kununua chumvi hana haja ya kujua kilicho ndani yake. Vilevile, bei ya fedha ilishuka haraka baada ya kilele hicho, kwa hiyo si sahihi kuihesabu hasara yote kwa bei ya kilele. Lakini kwa mtu aliyeiweka rupia kama akiba, iwe kwa kuifukia au kuipeleka kwa sonara iwe bangili ya binti yake, mabadiliko yalikuwa makubwa. Aliyebaki na rupia alibaki na madini. Aliyeitoa alipokea ahadi. Mamlaka ya thamani yalihama kutoka katika kitu chenyewe kwenda katika ofisi iliyo mbali, na mwaka 1948, shilingi ya shaba na nikeli ilipoanza kutolewa ikiwa na simba na milima ileile, hata robo ya fedha iliyosalia iliondoka bila sura kuu ya sarafu kubadilika.

6. Mbinu za upimaji na mipaka yake

Mbinu zinazotumika kutambua fedha zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la hisi: rangi, mlio na mguso. Fedha nzuri ikidondoshwa juu ya jiwe hutoa mlio mrefu na safi, na risasi hutoa mlio mfu. Hata hivyo, sarafu halisi yenye ufa au kutu nzito nayo hutoa mlio mfu. Rangi ni dhaifu zaidi. Kwa kawaida vipande vya aloi yenye fedha kidogo huoshwa kwa asidi kiwandani ili shaba iliyo juu iondoke na uso ubaki mweupe. Kwa sababu hiyo shilingi mpya ya 1921 iling'aa kama fedha safi, na ilipochakaa ndipo ilipoonesha wekundu wake. Sumaku nayo hukataa tu, haithibitishi: chuma hunaswa, lakini fedha, shaba na mchanganyiko wa shaba na nikeli havinaswi katika sumaku ya kawaida.

Kundi la pili ni la mbinu zinazoharibu: kukwaruza, kukata, kusugua juu ya jiwe jeusi la masonara na kudondoshea asidi. Sonara hupata jibu, lakini sarafu hubaki na kovu, na kwa sarafu ya sultani kovu hilo linaweza kuangukia herufi pekee inayotofautisha jina moja na lingine. Mbinu hizi hazifai kwa masalia ya kihistoria.

Kundi la tatu ni la mbinu zisizoharibu. Iliyo rahisi zaidi ni ya kupima densiti. Sarafu hupimwa kwanza ikiwa kavu. Kisha bilauri ya maji huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa sifuri, na sarafu huning'inizwa kwa uzi mwembamba hadi izame bila kugusa chini wala pembeni. Mizani sasa husoma uzani wa maji yaliyosukumwa. Uzani mkavu ukigawanywa kwa uzani huo hutoa densiti. Rupia halisi husukuma gramu 1.13 za maji; kipande cha shaba na nikeli chenye uzani huohuo husukuma gramu 1.30. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu itatoa dalili. Kwa shilingi hali ni ngumu zaidi: ya 1946 husukuma gramu 0.84 na ya 1948 gramu 0.87. Tofauti ni gramu 0.03, na mizani isiyosoma sehemu ya mia ya gramu haiwezi kuamua. Pale ambapo tarehe imefutika, kipimo kirudiwe mara kadhaa na wastani uandikwe.

Densiti nayo ina mipaka. Mchanganyiko wa bati na risasi unaweza kutengenezwa ukaifikia densiti ya riale, ingawa ulaini na mlio wake utaufichua. Viputo vya hewa na ganda la kutu hupunguza densiti inayosomwa. Vifaa vya kupima kwa miale ya eksirei huongeza uhakika kwa kutaja metali zilizomo, lakini miale hiyo husoma ngozi ya sarafu tu. Sarafu iliyokaa ardhini hupoteza shaba ya juu na kubaki na ngozi yenye fedha nyingi kuliko kiini, hivyo kipimo cha juujuu kinaweza kuipa usafi usio wake. Densiti husoma mwili mzima. Mbinu hizi mbili zikitumika pamoja, kila moja husahihisha udhaifu wa nyingine.

7. Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba swali la metali limeambatana na historia ya pwani ya Kilwa na Lindi katika kila kipindi kilichochunguzwa. Katika sarafu za masultani linagusa tarehe za watawala. Katika riale linagusa uhusiano kati ya muhuri na ukweli. Katika rupia na shilingi linafichua uhamisho wa thamani ambao hesabu ya kiserikali iliuita usawa.

Kutokana na matokeo haya, inapendekezwa kwamba rejesta za makumbusho na ripoti za uchimbaji zitenganishe waziwazi maana mbili za neno fedha, kwa kuandika "madini ya fedha" pale metali inapokusudiwa, na zitaje mbinu iliyotumika kuithibitisha. Uzani, kipenyo na densiti viandikwe kwa tarakimu, na pale ambapo kipimo hakijafanyika, lebo iseme "sarafu nyeupe" na kuishia hapo. Aidha, wakazi wanaookota sarafu waelezwe kwamba bilauri ya maji na mizani ya sonara vinatosha kujibu swali lao katika hali nyingi. Sarafu isiyokwaruzwa inabaki na maandishi yake, na kwa historia ya pwani hii maandishi hayo mara nyingi yana thamani kuliko madini yaliyoyabeba.